Unauza Filta za Boti Mtandaoni? Jua Kwanza Petroli Inapita Wapi

Ndugu zangu wa biashara ndogondogo, leo tuongee filta ya mafuta ya injini ya boti. Najua kuna watakaosema, "Genkuru na boti wapi na wapi?" Ni kweli, huku kwetu ni pikipiki, jenereta na mashine za kusaga. Lakini Mto Mara unaopita kati ya Tarime na Serengeti unaishia Ziwa Victoria, na simu yako inafika ziwani haraka kuliko huo mto. Mteja wa Shirati, Kinesi, Musoma au Ukerewe akitafuta kipuri saa nne usiku hajali duka lako lipo ufukweni au mlimani. Anataka muuzaji anayejua anachouza.

Na hii bidhaa siyo ya kuuza kichwakichwa. Pikipiki ikizimika kwa uchafu wa mafuta, dereva anashuka anasukuma. Boti ikizimika katikati ya ziwa, hakuna pa kushuka. Mawimbi yanaipiga ubavuni, inakwenda upepo unakotaka, na ndani kuna watu. Ndiyo maana nasema jifunze kwanza, halafu ndiyo upost.

Safari ya petroli

Injini nyingi za boti ndogo zinafungwa nyuma ya chombo, na tenki linakaa pembeni. Petroli inatoka kwenye tenki, inapita kwenye mpira wa mafuta, inafika kwenye pampu ya mkono (kile kimpira kilichovimba ambacho mtu anakibana kabla ya kuwasha), inapita filta, inavutwa na pampu ya injini, inaingia kabureta. Ndani ya kabureta kuna vitundu vidogo sana. Kipande cha kutu au chembe ya mchanga kikiziba pale, injini inaanza kumisi, inakosa nguvu, inazima.

Filta zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ndogo iliyo ndani ya injini yenyewe au kwenye mpira wake. Ya pili ni kubwa, ina umbo kama filta ya oili ya gari, inafungwa kati ya tenki na injini. Hii kubwa inachuja uchafu na pia inatenganisha maji na petroli. Nyingi zimeandikwa maikroni 10. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70, kwa hiyo elewa zinakamata vitu ambavyo jicho halioni.

Boti ya kazi na boti ya matembezi haziumwi ugonjwa mmoja

Hapa ndipo wauzaji wengi tunachanganya. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kukagua filta kila saa 100 za kazi au kila mwaka, kinachotangulia. Sasa piga hesabu. Mvuvi anayewasha injini saa 6 kwa siku anafika saa 100 ndani ya siku 17 hivi. Mwenye boti ya kutembeza wageni, au ya familia kwenda visiwani, akiitumia saa 4 kwa wiki anafika saa 100 baada ya wiki 25. Ukimwambia mvuvi "badilisha kila mwaka", umempoteza.

Lakini usidhani boti ya matembezi ndiyo yenye afya. Yenyewe inaumwa kwa kukaa. Petroli ikikaa miezi inachoka, inaacha utomvu unaonata kwenye kabureta. Tenki likiwa nusu, hewa ya ndani inapoa usiku na kuacha matone ya maji. Mwenye boti anakuja Desemba na familia, anavuta kamba mpaka mkono unauma. Huyo mteja mshauri hivi: kama boti itakaa muda mrefu, asiache petroli ya zamani kwenye tenki. Na kama injini ni ya kabureta, siku ya mwisho achomoe mpira wa mafuta injini ikiwa inanguruma bado majini, aiache imalize petroli iliyobaki izime yenyewe. Asifanye hivyo injini ikiwa nchi kavu bila maji ya kupoza, itaharibika. Na kwa injini zisizo na kabureta afuate kitabu cha injini.

Maji ndiyo adui mkubwa

Huku vijijini petroli inauzwa kwenye chupa na madumu. Dumu lililooshwa halijakauka linatosha kuharibu siku ya mtu. Kipimo ni rahisi: mimina petroli kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatashuka chini na utaona mstari. Hiki kipimo ni bure, kifundishe kwenye ukurasa wako. Watu wa bodaboda nao watakushukuru.

Maswali ya kuuliza kabla hujapokea hela

1. Injini ni ya kampuni gani, na ina nguvu za farasi ngapi?
2. Ni stroku mbili au nne?
3. Namba ya modeli ni ipi? Iko kwenye kibati, mara nyingi pale injini inapofungwa kwenye boti. Omba picha.
4. Filta ya zamani ikoje? Omba picha ikiwa imelazwa pembeni ya rula.
5. Tundu la mpira wa mafuta ni milimita ngapi? Tofauti ndogo tu inavujisha petroli au inavuta hewa.

"Filta ya Yamaha ipo?" siyo oda bado. Yamaha ana injini nyingi na filta nyingi.

Usiuze kabla ya kumwambia abane pampu

Mteja mmoja wa upande wa Rorya aliniandikia: "Bosi, injini inakata kila nikifika mbele kidogo, nitumie filta." Nikamuuliza, "Mkuu, ikianza kukata ile pampu ya mkono inakuwaje?" Akaenda kuangalia, akajibu, "Imenywea kabisa, kama imefyonzwa." Nikamwambia akague skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tenki. Ilikuwa imefungwa. Akaifungua, injini ikatulia. Siku hiyo sikuuza kitu. Wiki mbili mbele alinunua filta mbili na mpira wa mafuta, na ndugu yake naye akaja.

Shika haya matatu:

- Pampu inanywea wakati injini inafanya kazi: mafuta yamezuiwa kabla ya pampu. Angalia skrubu ya hewa, au uchafu ndani ya tenki.
- Pampu haikazi hata ukibana sana: tenki limekauka, kuna sehemu inavuta hewa, au pampu yenyewe imechoka. Mwambie aangalie klipu na viungio.
- Pampu ngumu vizuri lakini injini inakosa nguvu: filta iliyo mbele ya pampu inaweza kuwa imeziba. Hapo sasa uza filta.

Maelezo ya kutuma pamoja na mzigo

Mzigo ukienda kwa basi, weka karatasi ndani. Andika hivi, nakili ukipenda:

"Zima injini. Kaa mahali penye hewa, mbali na sigara na moto. Mshale kwenye filta uelekee injini. Kaza klipu pande zote mbili. Bana pampu ya mkono mpaka ikaze, halafu kagua kama kuna uvujaji kabla ya kuwasha. Petroli chafu usiimwage ziwani. Beba filta ya akiba na makasia kila safari, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha."

Mpira wa mafuta nao uza ule wa petroli. Mpira wa maji ni wa bei rahisi, lakini petroli inaukakamaza, unapasuka. Kwa injini ya stroku mbili inayochanganywa kwa mkono, mkumbushe asome kitabu. Uwiano unaoonekana sana ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Tenki la lita 20 linachukua mililita 400. Stroku nne hazichanganywi kabisa.

Kama filta ni ya kopi, sema ni ya kopi. Na usimwambie mtu kwamba akifunga filta yako chombo kiko salama kubeba abiria. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC, siyo ya sisi wauza vipuri.

Posti lini?

Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, kwa hiyo wanategemea giza. Mbalamwezi ikikolea, wengi wanapumzika nchi kavu, wanashona nyavu na kutengeneza injini. Hizo ndizo siku za kuposti filta, mipira na plagi. Kwa wenye boti za matembezi, wakumbushe wiki tatu kabla ya sikukuu, siyo siku ya mkesha wakati mabasi yamejaa na mzigo haufiki.

Andika kwenye daftari tarehe aliyonunua kila mteja na saa anazotumia kwa siku. Ukifika muda, mtumie ujumbe: "Mkuu, saa 100 zimekaribia, kagua filta." Una mdau anayeuza vipuri? Mtumie hii na yeye.