Harufu Kwanza, Sura Baadaye

Mahindi yakishavunwa Ndalambo, panya nao huhamia ndani, na hapo ndipo paka anapopanda thamani. Jirani humwazima kama anavyoazima jembe, na ndugu mwenye stoo ya nafaka Tunduma hupiga simu kuomba mmoja. Paka anatiwa kwenye kiroba, kinafungwa, anapakiwa bodaboda. Miezi miwili baadaye magunia yameuzwa, naye anarudishwa.

Vituko huanza jikoni. Mama anafungua kiroba mbele ya paka wa pili, dada wa tumbo moja na huyu anayerudi. Kabla ya safari walikuwa wakilala wamekumbatiana kando ya mafiga. Leo aliyebaki anakunja mgongo, mkia unafura, masikio yanalala, anatoa ile sauti ya nyoka: hsss! Watoto wanasema amemsahau ndugu yake. Watu wazima wengine wananong'ona kwamba huyu aliyetoka mjini karudi na jambo.

Karudi na harufu, basi. Paka ana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso na kwenye shina la mkia. Wanaoishi pamoja hujisugua na kurambana kila siku mpaka wote wananukia kitu kimoja, na harufu hiyo ndiyo kitambulisho cha nyumba. Macho huja nyuma ya pua. Aliyekaa stoo ya Tunduma amejaa dizeli, vumbi la pumba, dawa ya mahindi na mikono ya watu wengine. Dada yake anaona umbo analolifahamu likinuka ugeni, na hilo linamtisha. Hata aliyelala usiku mmoja tu kwa daktari wa mifugo anaweza kupokelewa hivyohivyo.

Isitoshe, paka wetu wa nyumbani ni mjukuu wa paka mwitu wa Afrika, mnyama anayewinda na kuishi peke yake. Mbwa wakigombana wana namna zao za kupatana. Paka hana desturi kubwa ya hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na ule ushauri wa “waacheni wapigane, watazoeana.” Pambano moja baya laweza kuvunja udugu wa miaka mitatu.

Kwa hiyo aliyerudi asifunguliwe mbele ya mwenzake. Mpeleke chumba chenye mlango, stoo au jiko la nje, umwekee maji, chakula na sanduku la mchanga au majivu. Kama manyoya yana vumbi la dawa ya mahindi, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, maana atajiramba. Usimpake manukato wala mafuta ya taa.

Kisha chukua kipande cha kanga kuukuu, umsugue nacho mashavuni taratibu, ukiweke pale anapolia chakula yule wa ndani. Kipande kingine, ulichomsugulia yule wa ndani, kifanye safari ya kurudi. Siku ya kwanza atakinusa na kufoka, usimkaripie. Siku atakapokula dagaa wake juu ya kitambaa hicho bila kujali, kazi kubwa imekwisha. Sasa walishe pande mbili za mlango uliofungwa, halafu ukiwa wazi upana wa vidole viwili, halafu chumba kimoja kwa dakika chache, kila mmoja na sahani yake. Kwa wengine huchukua siku tatu, kwa wengine wiki kadhaa.

Kufoka kidogo si neno. La kuogopa ni kukodoleana macho kimya huku mmoja akimzibia mwenzake njia. Wakirukiana, usitie mkono. Ingiza ungo katikati yao, urudi hatua moja nyuma katika mpango wako. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende zahanati siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na chanjo yake hutolewa kuanzia umri wa miezi 3. Aliyerudi akiwa na alama za meno asikutanishwe na mwenzake kabla mtaalamu wa mifugo hajamwona.

Wapo wasiopatana tena. Hao wagawie maeneo, mmoja alinde ghala na mwingine jiko, kila mmoja na chakula chake. Si aibu ya mfugaji.

Na safari ijayo achana na kiroba, maana paka anaweza kukosa hewa humo. Tumia tenga la kuku, na ndani yake tandika nusu ya gunia wanalolalia wote wawili. Nusu ya pili ibaki kwa dada yake, na isifuliwe mpaka msafiri arudi.