Kungoja Ndani ya Simu

Leo twajifunza kwa nini sauti ya simu hukatika.

Mfanyabiashara yuko Tunduma. Ampigia mwenzake wa Vwawa kwa intaneti, amtajie bei ya mzigo: "Laki tatu na nusu." Sauti yakatika, na wa Vwawa asikia "Laki tatu" tu. Shilingi 50,000 zimepotea hewani! Upesi twalaumu mtandao. Lakini pengine kosa limo ndani ya simu yenyewe.

Simu huikata sauti vipande vidogo. Kwa kawaida sekunde 1 hutoa vipande 50. Simu inayopokea huweka akiba ndogo ya vipande hivyo, ivitoe kwa mfululizo. Kipande kikichelewa mno hutupwa, na sikio husikia pengo.

Basi, nani huchelewesha? Ndani ya kila simu na kompyuta mna programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Ni kama karani wa forodha: hugawa zamu. Lori laweza kukimbia toka Dar es Salaam hadi Tunduma, lakini likikuta foleni, mbio zake hazifai kitu. Ndiyo sababu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zilifungua kituo cha pamoja mpakani, lori lisikaguliwe kwanza upande huu, kisha upande wa pili. Barabara haikufupishwa, kungoja ndiko kulikopunguzwa.

Vivyo hivyo, kipande cha sauti chaweza kufika mapema, kikangoja karani amalize kazi ya picha na michezo. Kwa kazi zisizoweza kungoja, kama kuendesha mitambo, mafundi hutumia mifumo inayoipa kazi ya haraka zamu ya kwanza. Mwaka 2024 uwezo huo uliingizwa katika Linux, mfumo endeshi unaotumika duniani kote.

Nanyi fanyeni hivi. Kabla ya kuzungumza biashara, fungeni programu zisizotumika. Sauti ikikatika, jaribuni simu nyingine papo hapo, kwa mtandao ule ule. Ikisikika vizuri, yaelekea kosa ni la simu ya kwanza. Msinunue bando jipya bure. Na bei yo yote, mwambieni mwenzenu airudie.

Maswali:
1. Mfumo endeshi wafanana na nani mpakani? Kwa nini?
2. Kipande cha sauti kikichelewa mno hufanywaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.