Krismasi Steam Ilipoonyesha Akaunti za Watu Wengine: Kosa Lilikuwa Wapi?

Siku ya Krismasi mwaka 2015, wateja wa Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, walikutana na maajabu. Mtu anafungua akaunti yake, anakuta barua pepe, anwani na orodha ya manunuzi ya mtu asiyemjua kabisa.

Hakuna aliyeiba nywila. Valve, kampuni inayomiliki Steam, ilieleza kwamba duka lilikuwa linashambuliwa kwa maombi mengi feki. Kampuni iliyokuwa inawasaidia ikabadilisha mipangilio ya akiba ili kupunguza mzigo, na mpangilio mmoja ukakosewa. Kwa saa moja na nusu hivi, taarifa za wateja wapatao 34,000 zingeweza kuonwa na wengine.

Akiba ni nini hasa?

Ni ile ile unayoifuta kwenye simu ukibonyeza "Futa akiba". Kivinjari kinatunza nakala ya ukurasa ili usimalize bando kuupakua tena. Ila kuna pia seva za kati, ambazo hutunza nakala moja na kuwapa watu wengi.

Gazeti la kibandani kila mtu anaweza kusoma. Barua ya benki ni ya mtu mmoja. Seva ya kati haiwezi kujua kipi ni kipi mpaka iambiwe, na kazi hiyo hufanywa na mstari mmoja unaotangulia jibu la seva, uitwao Cache-Control.

Maneno yake muhimu ni haya:

• public, max-age=86400: yeyote atunze kwa sekunde 86,400, yaani siku moja. Inafaa nembo na picha.

• private: itunzwe kwenye simu ya mteja tu, seva za kati zisiguse.

• no-store: isitunzwe popote. Hii ni ya salio, risiti na taarifa za akaunti.

• no-cache: hapa wengi wanachemka. Haina maana ya "usitunze". Maana yake ni tunza, lakini uliza seva kabla ya kutumia. Kama hakuna kilichobadilika, seva inajibu 304 bila kutuma ukurasa upya, na bando linapona.

Na kama msanidi asipoandika chochote? Kanuni za HTTP zinaruhusu akiba ikisie yenyewe muda wa kutunza.

Hata hivyo, kuandika peke yake hakutoshi, kwa sababu seva ya kati inaweza kupangwa ipuuze maagizo hayo. Dawa ni kujaribu: ingia kwa akaunti mbili kwenye simu mbili tofauti, fungua ukurasa uleule, kisha linganisha.

Na wewe mtumiaji, siku ukikuta jina la mtu mwingine kwenye akaunti yako, usinunue wala kubadilisha chochote. Funga ukurasa, toa taarifa kwa wahusika. Inawezekana kuna mwingine anaangalia wa kwako.