Sarafu na Yaliyopita (3): Riale ya Baba, Kisiwa cha Mwana

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na rupia za Wajerumani. Zitangoja kidogo, maana kuna jambo limenikuta mwaloni hapa Wampembe.

Kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam alinifuata asubuhi, dagaa wakiwa bado wanaanikwa. Baada ya shikamoo alifungua kitambaa, ndani mna kipande cha fedha kinachong'aa kama tumbo la mgebuka. Upande mmoja kilikuwa na picha ya mwamba katikati ya maji, na juu yake mnara wa taa na majengo marefu. "Mwalimu, sarafu hii ya Marekani haiwezi kunipatia pikipiki?"

Kisiwa kile ni Alcatraz, katika ghuba ya San Francisco. Kilikuwa gereza la serikali kuu ya Marekani tangu 1934 hadi 1963, na Al Capone alifungwa humo. Juni 1962 wafungwa watatu walitoboa kuta za vyumba vyao, wakaacha vichwa vya bandia vitandani na kuingia majini usiku. Hadi leo haijathibitika kama walifika nchi kavu. Kwa kisa kama hicho, nani asingenunua picha yake?

Nilimwambia ageuze pande zote mbili anitafutie mahali palipoandikwa dola ngapi. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na uzito tu: wakia moja ya fedha safi, yaani gramu 31.1. Basi hiyo si sarafu. Sarafu hutolewa na serikali, nayo kwa kawaida huiandika thamani yake ili ipokewe katika malipo. Kipande kisichotolewa na serikali kama pesa ni medali, hata kikiwa cha fedha tupu, na mtu binafsi mwenye mashine anaweza kukifua. Bei yake ni bei ya madini pamoja na chochote ambacho mpenzi wa picha yuko tayari kuongeza. Pikipiki iko mbali.

Lugha yetu nayo inachangia kutuchanganya: fedha ni madini, fedha ni pesa. Zamani hapakuwa na tofauti kubwa. Pwani yote ilifanya biashara kwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye mwaka 1780 hata ikiwa imefuliwa miaka mia baadaye. Ilikuwa na gramu 28 na ushei, na sehemu 833 katika kila 1000 zilikuwa fedha. Mwaka 1882 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa riale yake mwenyewe yenye jina lake kwa Kiarabu na mwaka wa Hijria 1299. Hiyo ndiyo sarafu ambayo ningempa kijana wangu pikipiki akiniletea, kama ningekuwa na pikipiki.

Tena riale hiyo ina uhusiano zaidi na visiwa vya wafungwa kuliko kile kipande chake.

Zanzibar ina kisiwa ambacho watalii hukiita cha gereza: Changuu, kilomita zipatazo tano na nusu kutoka Mji Mkongwe. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua 1893 ili kujenga gereza la wahalifu sugu. Jengo likakamilika 1894, lakini halikupata kufunga mtu. Likawa karantini ya abiria wa meli. Inaelezwa kwamba kabla yake, katika miaka ya 1860, watumwa walioasi walizuiliwa kisiwani hapo. Wakazi mashuhuri wa leo ni kobe wakubwa, kizazi cha wanne waliotolewa zawadi na gavana wa Shelisheli mwaka 1919.

Shelisheli ilitupa kobe. Waingereza waliipa Shelisheli wafalme. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko 1899. Mwanga alifia hukohuko 1903. Akafuata Khalid, mwana wa Barghash yuleyule wa riale ya 1882. Agosti 1896 alijitangaza sultani, mizinga ya manowari za Uingereza ikalibomoa kasri kwa muda usiofika saa moja, naye akakimbilia kwa Wajerumani waliompeleka Dar es Salaam. Waingereza walimkamata katika Vita Kuu ya Kwanza, wakampeleka Shelisheli na St Helena, kisiwa alikofia Napoleon. Baadaye aliruhusiwa kukaa Mombasa, akafariki 1927.

Kijana alisikiliza hadi mwisho, akafunga kitambaa chake. Halafu akaniambia bibi yake ana "kirupia" chenye mzungu wa kofia ya chuma, kimefungwa kwenye kanga tangu enzi za boma la Bismarckburg pale Kasanga. Huyo ni Kaisari Wilhelm wa Pili, na rupia hiyo ina gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1000. Nimemsihi, nanyi wasomaji nawasihi: msiisugue kwa majivu wala mchanga. Weusi ule ni umri wake, na mnunuzi anayejua hupunguza bei akiona imekwanguliwa.

Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kuisoma rupia hiyo.