Visa Viwili vya Asali: Kufundisha Ulinganishaji wa Maandishi kwa Watoto wa Endulen

Mtoto asomaye kitabu kimoja tu juu ya jambo fulani hukichukua kuwa ndiyo kauli ya mwisho. Akipewa viwili juu ya jambo lile lile, hana budi kuuliza kwa nini havisemi sawasawa. Kulinganisha huku ni kazi ya lugha kama ilivyo kazi ya akili, na kwa hiyo yafaa kufundishwe mapema.

Huko Endulen, wilayani Ngorongoro, watoto wengi huzungumza Kimaasai nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili shuleni. Hivyo uteuzi wa vitabu wataka uangalifu. Jozi ifaayo ni ile ambayo mada yake yajulikana na tofauti zake zina maana. Mfano mwema ni visa viwili vya sungura na asali. Kimoja kilichapishwa Chicago mwaka 1901 katika Zanzibar Tales ya George W. Bateman; cha pili Oxford mwaka 1905 katika The Masai: Their Language and Folklore ya A. C. Hollis. Vyaweza kuandikwa upya kwa Kiswahili chepesi, kila kimoja katika kijitabu chake.

Sungura wa pwani awaalika wenzake kula asali ambayo, kwa madai yake, aliachiwa na marehemu baba yake. Kumbe asali ni ya simba. Simba atokeapo, sungura hufungwa ndani ya majani makavu, akatupwa chini, akakimbia. Sungura wa Wamaasai humwita tembo "baba" na kuomba avushwe mto. Akiwa mgongoni hula asali ambayo tembo wanaipeleka ukweni, kisha akaijaza mifuko mawe.

Mwanafunzi akiachwa peke yake atasema: "Hapa pana simba, pale pana tembo." Hiyo ni orodha, si ulinganisho. Basi mwalimu aviulize visa vyote viwili swali moja: asali hii ni ya nani, na sungura aipata kwa hila gani? Hapo huonekana kwamba mmoja adanganya kwa jina la urithi, ilhali mwingine adanganya kwa jina la udugu. Kila kisa chategemea desturi ambayo wasikilizaji wake hawakuhitaji kuelezwa. Jibu la namna hii lahitaji maneno kama "vyote viwili", "ilhali", "bali" na "kuliko", nayo yafundishwe papo hapo, si katika zoezi la sarufi lililo mbali na somo. Tena mtoto aliyekisikia kisa kwa bibi yake kwa namna nyingine akilete darasani. Masimulizi ya mdomo yasihesabiwe kuwa makosa kwa sababu tu hayakupigwa chapa.

Faida ya somo hili haiishii kwa sungura. Tangu Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, mengi yameandikwa juu ya ardhi hiyo na watu wake. Kuanzia mwaka 2022 kaya nyingi zimeondoka huko kwenda Msomera, wilayani Handeni. Mwandishi mmoja aweza kuandika kwamba watu "wamehama", mwingine kwamba "wamehamishwa". Tofauti ni silabi moja katika kitenzi, lakini silabi hiyo yabeba swali zima la nani aliyeamua. Mtoto wa Endulen aliyezoezwa kulinganisha ataiona.