Kabla ya kukata kamani za gari

Mwalimu mwenzangu wa fizikia, kijana ambaye sitamtaja jina kwa kuwa bado twaketi meza moja katika chumba cha walimu, alinunua Subaru Impreza kuukuu mwaka juzi. Gari hilo humleta kazini kutoka Njoro, humpeleka mkewe sokoni, na siku ya Jumapili hubeba familia nzima kwenda kanisani. Aidha, mara tatu au nne kwa mwaka hulipeleka katika uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, mahali ambapo mwenye gari la kawaida aweza kulipa ada, akavaa kofia ngumu na kujipima kasi pasipo kumhatarisha mwenda kwa miguu. Sina ugomvi na burudani hiyo. Afadhali vijana washindane uwanjani kuliko katika mteremko wa Salgaa.

Ugomvi wetu ulianza siku aliporejea kutoka kwa fundi, gari likiwa limelala chini kama mamba ufuoni. Alikuwa amekatiwa kamani, mzunguko mmoja na nusu kwa kila gurudumu. Fundi hakutumia hata msumeno. Alitumia moto wa gesi. Gharama ilikuwa ndogo mno, naye mwenzangu akajitapa mbele ya walimu kwamba amepata kwa bei ya chakula cha mchana kile ambacho wengine hukopea pesa katika chama cha akiba na mikopo. Nilimkumbusha kwamba rahisi huvunja upishi. Akacheka, akasema mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mambo ya vyuma niwaachie wenyewe.

Wiki mbili baadaye aliniita uwanjani tumsaidie kubadilisha gurudumu lililotoboka. Tulipoliinua gari kwa jeki, nilitia mkono nyuma ya tairi na kuishika kamani. Ilicheza. Ilizunguka mahali pake kama bangili katika mkono wa msichana mwembamba. Kwa kuwa ilikuwa imekatwa, haikuwa tena na urefu wa kujaza nafasi kati ya kikalio cha juu na cha chini pindi gurudumu linaposhuka hadi mwisho. Basi wazia gari hilo likirukia tuta lisilopakwa rangi kule Gilgil kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mtoto akiwa kiti cha nyuma, kamani ichomoke kwenye kikalio chake, kisha irudi upande. Mwenzangu alinyamaza. Nami sikuongeza neno.

Nimeamua kuandika kuhusu jambo hili kwa sababu nimeona kwamba si yeye peke yake. Tangu mashindano ya Safari yarejee katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 na makao yake kuwekwa Naivasha, vijana wa Nakuru, Gilgil na Naivasha wamepatwa na homa ya magari. Nawaelewa. Mtu akisimama Soysambu au katika njia ya Sleeping Warrior, akaona gari likipaa juu ya vumbi na kutua bila kutetereka, hurudi nyumbani akilitazama gari lake kwa dharau. Kosa ni kudhani kwamba siri ya gari lile ni ugumu. Wanafunzi wangu wengi wanaamini hivyo, na baadhi ya walimu wao pia.

Katika somo la fizikia hufundishwa kanuni ya Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza aliyeichapisha mwaka wa 1678: springi hurefuka au kufinyika kwa kadiri ya kani inayowekwa juu yake, mradi isivuke mpaka wake. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau, ilhali huikalia kila siku ndani ya matatu. Chukua gari ambalo kila pembe yake hubeba kilo 300. Uzito huo ni takriban nyutoni 3,000. Kamani yenye ugumu wa nyutoni 20 kwa kila milimita itafinyika milimita 150 gari likiwa limesimama tu. Weka kamani yenye ugumu maradufu, nyutoni 40, nayo itafinyika milimita 75. Wengi huishia hapo na kufurahi kwamba gari limekuwa gumu. Lakini mfinyo ule ndio akiba ambayo gurudumu hutumia kushuka linapokuta shimo. Kwenye shimo la kina cha milimita 100, gurudumu la kamani ya kwanza lina nafasi ya kushuka na kuikanyaga ardhi. La kamani ya pili huning'inia. Nalo gurudumu linaloning'inia halishiki kona wala halisaidii breki. Mashimo yenye kina hicho, nani asiyeyajua katika vitongoji vyetu baada ya mvua ya Aprili?

Kuna hesabu nyingine. Kamani ile ya kwanza, ikiachwa itikisike, hupanda na kushuka mara 1.3 hivi kwa sekunde. Ile ngumu maradufu hufika mara 1.8. Magari mengi ya kawaida hutengenezwa yakiwa kati ya mara 1 na 1.5, kiwango ambacho mwili wa binadamu hukistahimili kwa safari ndefu. Magari ya mbio za uwanjani hupita mara 2, kwa kuwa uwanja ni laini na dereva hahitaji kuendesha kutoka Nakuru hadi Athi River na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 360, kabla ya kusahihisha madaftari ya Jumatatu. Mwenzangu anahitaji.

Na kukata je? Ugumu wa kamani hutegemea unene wa waya wake, upana wa mzunguko wake, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mizunguko ikipungua, ugumu huongezeka. Aliyekuwa na mizunguko sita akakata mmoja na nusu, amebaki na minne na nusu, na kamani yake imekuwa ngumu kwa theluthi moja zaidi. Kwa hiyo ni kweli kwamba alipata ugumu. Alichopoteza ni nafasi ya kushuka, nafasi ya kupanda kabla ya kugonga mpira wa kikomo, na, kwa kuwa moto ulitumika, ubora wa chuma chenyewe. Chuma cha kamani hupewa unyumbukaji wake kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Fundi akikipasha moto mwekundu na kukiacha kipoe chenyewe ardhini, sehemu ile si kamani tena. Ni waya mnene.

Mwenzangu alijitetea kwamba gari likishuka halilali kwenye kona. Nilimwomba apige hesabu mbele ya darasa, naye, kwa kuwa ni mwalimu mwema, akapiga. Gari la kilo 1,200, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita kutoka ardhini, upana kati ya magurudumu mita 1.5, likipita kona kwa mchapuko wa mita 8 kwa sekunde kwa sekunde: uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje ni nyutoni 3,200. Lishushe gari milimita 30, na hesabu inakuwa nyutoni 3,008. Faida ni asilimia 6. Kamani ngumu hupunguza gari kulala, naam, lakini uzito huhama vilevile, lilale lisilale. Kinachobadilika ni namna mzigo huo unavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukikaza mbele kupita kiasi, gari hukataa kuingia konani. Ukikaza nyuma, mkia hukutangulia. Ndiyo maana kununua kamani za mbele peke yake kwa kuwa pesa zimeisha ni kujinunulia tabia mpya ya gari bila kujua ni tabia gani.

Nije sasa kwenye kifaa ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachostahili pesa za mwalimu: shokomzoba. Kamani hubeba, shokomzoba hutuliza. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Baada ya mizunguko kadhaa ya kasi uwanjani, au kilomita kumi za njia yenye mawimbi kati ya Elmenteita na vijiji vya jirani, ukiigusa utaondoa mkono haraka. Mafuta yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu halitulizi chochote. Ndiyo sababu zilizo bora hujazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo. Aidha, ukiifanya kamani kuwa ngumu maradufu, shokomzoba yahitaji uwezo wa mara 1.4 hivi ili itulize kwa kiwango kile kile. Anayeweka kamani mpya ngumu juu ya shokomzoba zilizochoka huwa amenunua mpira wa kudunda. Vumbi letu nalo lina neno lake. Eneo hili la Bonde la Ufa limefunikwa na majivu ya volkano, na huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe mwepesi ambao viwanda huutumia kuchujia. Vumbi la namna hiyo likishika ufito wa shokomzoba, hula mpira wa kuzuia mafuta polepole, na mwenye gari haoni kitu mpaka siku aonapo mafuta yakichuruzika.

Historia ya Safari inaniunga mkono. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953. Peugeot 404 iliyashinda mara nne katika miaka ya 1960, na Peugeot 504 ikafuata katika miaka ya 1970. Wenye umri wangu wanazikumbuka Peugeot za abiria zilizokimbia kati ya Nakuru na Nairobi: gari laini, lenye miguu mirefu, lililoyumba kama mashua lakini lisilokatika. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka wa 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Na mwaka wa 1993, Subaru ilipoleta vigari vidogo vya Vivio vyenye injini ya sentimita za ujazo 660, Colin McRae, kijana wa Uskoti aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye, hakumaliza. Patrick Njiru wetu alimaliza, akawa wa kwanza katika daraja lake. Njiru alizijua barabara hizi.

Basi, mtu afanye nini akiwa na gari moja, mshahara mmoja na hamu ya kushindana? Mimi ningeanza na matairi, kwa sababu hakuna kamani iwezayo kufanya kazi ambayo tairi lililokwisha limeikataa. Kisha ningelala chini ya gari na tochi kutazama bushi. Mpira uliopasuka huliacha gurudumu liamue lenyewe pa kuelekea, na gari nyingi zinazosemekana kuwa na kamani mbovu zina bushi zilizokufa tu. Zipo bushi za plastiki ngumu zinazopendwa na washindani. Hizo hukaza uelekeo lakini hukuletea kila kokoto mpaka kwenye meno. Baada ya hapo shokomzoba nzuri, zote nne kwa pamoja, pamoja na kupangwa upya kwa pembe za magurudumu. Kamani nitazifikiria mwishoni, na nikizibadilisha nitachukua zilizotengenezwa kwa gari hilo, ngumu kwa kiasi, zisizolishusha zaidi ya vidole viwili. Zile seti za kurekebishwa urefu kwa kuzungusha ni nzuri kwa mwenye gari la pili. Na anayeokota kamani zilizotumika huko Kirinyaga Road, Nairobi, aulize zilitoka gari gani kabla ya kuuliza bei.

Kuna na jambo la bima, ambalo vijana hawapendi kulisikia. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wa mwenye mali. Aliyebadilisha gari asiseme, humpa mwenye kampuni sababu ya kukataa kulipa, na mikataba mingi ya kawaida haiyagusi mashindano kabisa. Ajali ikitokea uwanjani ni hasara yako. Ikitokea barabarani ukiwa na kamani zilizokatwa kwa gesi, utaeleza mbele ya hakimu, na pengine mbele ya wazazi wa mtu.

Mwenzangu alirudisha kamani za kiwandani mwezi uliofuata, akanunua matairi na shokomzoba mpya kwa mkopo aliokuwa ameuogopa. Muda wake uwanjani, anasema, umepungua kuliko wakati gari lilipokuwa limelala, ingawa sijamwomba ushahidi. Zile zilizokatwa alizileta maabara. Ukiingia utaziona zimening'inizwa kwenye misumari minne, kila moja na mawe yake ya kupimia, na jedwali la vipimo limebandikwa ukutani kwa mwandiko wa wasichana wa kidato cha pili. Moja yao, iliyochomwa zaidi, hairudi tena pale ilipoanzia.