Kupanda Kahuzi: yanayopangwa kabla ya siku yenyewe

Wamama wa vikundi kadhaa wametuuliza swali moja: na sisi tunaweza kufika juu ya Kahuzi? Mlima huo tunaupita tukielekea Kavumu, makala mengi tunayopikia yanatoka pande zile, na wageni wanapanda ndege kuja kuutazama. Kati yetu, waliowahi kukanyaga kilele chake unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Jibu ni ndiyo, kwa mama mwenye afya anayejiandaa. Lakini si matembezi ya Jumapili baada ya ibada. Bukavu tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari. Kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308, na njia yake inapita ndani ya pori: kwanza miti mikubwa, kisha mianzi iliyosongamana, na juu zaidi vichaka vya baridi ambamo unaota mmea uitwao Senecio kahuzicus. Wanaoogopa moto watulie. Kahuzi ni volkano iliyokufa, si kama Nyiragongo.

Kabla ya kuhesabu pesa, ulizeni usalama. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikawekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita ambavyo sisi wote tunavijua. Hali inabadilika wiki hadi wiki. Anayeruhusu watu kuingia ni ICCN, na kituo chake kiko Tshivanga, kilomita kama 30 kutoka mjini kwa njia ya Miti. Ulizeni mwezi mmoja kabla, ulizeni tena wiki ile ile, na siku moja kabla ya kuondoka ulizeni mara ya tatu: barabara ikoje, njia ya kilele imefunguliwa, walinzi wangapi watawasindikiza? Hakuna anayetembea mle bila walinzi wa parke. Akitokea kijana anayesema anajua njia ya nyuma, ya bei rahisi, mkatalieni. Na mkijibiwa "labda", hesabuni kwamba ni hapana, muahirishe bila kulaumiana.

Wako pia watu wengine wa kuongea nao. Sokoni tunakaa na wamama wa Batwa ambao babu na bibi zao waliishi ndani ya pori hilo, mpaka walipotolewa miaka ya 1970 ili parke ipate nafasi. Kwao Kahuzi ni nyumbani walikofukuzwa. Kikundi kinachopanda kwa furaha bila kujua habari hiyo kinapita kwenye uwanja wa watu bila kupiga hodi.

Sasa pesa. Msiguse likelemba. Zamu ya mama fulani ni ada ya shule ya watoto wake, haiwezi kuwa nauli ya mlimani. Fungueni mchango wa pembeni, kidogo kidogo kwa miezi mitatu au minne, na katibu apate kutoka ofisi ya parke bei iliyoandikwa: kiingilio cha raia, malipo ya mwongozaji, na yale yasiyosemwa mpaka mfike mlangoni. Gari lilipwe kwenda na kurudi, lakini nusu ya pili itolewe jioni mkisharudi. Dereva aliyelipwa yote asubuhi hana haraka ya kuwangoja.

Wakati mzuri ni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Hata hivyo mvua mlimani haisomi kalenda, na kila mita 1,000 unazopanda zinaondoa kama nyuzi 6 za joto. Siku ya nyuzi 22 hapa mjini, kule juu inaweza kuwa kama 11, na upepo na nguo zenye jasho zinaongeza baridi. Ndiyo maana jinzi nzito haifai: ikilowa, haikauki. Vaa suruali nyepesi, na kikwembe juu yake kama unapenda, lakini kifupi, usije ukakikanyaga kwenye matope. Ingiza suruali ndani ya soksi ndefu, maana siafu na majani yanayowasha hayana heshima. Sweta na koti la mvua vikae ndani ya mfuko wa plastiki mpaka vihitajiwe. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvivaa mwezi mzima. Fimbo itoke nyumbani, kwa kuwa ndani ya parke kukata mwanzi ni marufuku.

Afya isemwe wazi, bila haya. Mwenye mimba, mwenye presha, mwenye pumu au moyo unaosumbua apite kwanza kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani SS, mtoto au mtu mzima, asipelekwe bila neno la daktari: juu ya mita 2,500 hewa inakuwa nyepesi, na upungufu huo unaweza kumwamshia maumivu makali. Anayenyonyesha mtoto mchanga angoje mwaka mwingine, siku nzima bila kunyonyesha ni mateso kwa wote wawili. Aliye kwenye siku zake anaweza kupanda vizuri, mradi abebe vitambaa vya kutosha na mfuko wa kurudisha vilivyotumika. Mwenye mafua abaki nyumbani hata kama amelipa, kwa sababu sokwe wakubwa wa kule wanaambukizwa magonjwa yetu na yanawaua.

Mazoezi hayataki pesa. Mama anayepanda kila siku toka ukingo wa ziwa mpaka Kadutu na ndoo kichwani tayari ana mapafu. Wababa wengine watauliza mama anatafuta nini mlimani. Hatujawasikia wakiuliza anatafuta nini chini ya gunia la unga. Kinachotupungukia ni magoti ya kushuka. Kwa wiki sita, mara mbili kwa wiki, pandeni na kushuka mlima wa mtaa mkiwa pamoja, na mtazame nani anabaki nyuma. Huyo ndiye atakayewapa mwendo.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo vikundi vingi havilisemi mpaka ugomvi uanze njiani: saa ya kurudi. Kwetu giza linaingia kwenye saa kumi na mbili jioni (18h00) mwaka mzima, na chini ya miti linaingia mapema zaidi. Wapanda milima wana hesabu ya zamani: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Toka barabarani mpaka kilele kuna karibu mita 1,000 za kupanda, juu ya mizizi na matope, basi kwa kikundi kama chetu ongezeni nusu tena. Ondokeni mjini kabla ya jua. Kubalianeni, mkiwa bado mkutanoni, kwamba ikifika saa saba mchana (13h00) popote mlipo mnageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Chagueni pia mama mmoja wa kusema "tunageuka". Asiwe prezidenti, maana prezidenti anaogopa kuvunja mioyo. Awe mtu asiyebembelezwa. Mwingine atembee wa mwisho kabisa, na asipitwe na mtu. Akichoka mmoja, mwulizeni mlinzi kama inawezekana wenzake wawili washuke naye pamoja na mlinzi mmoja. Ikiwa haiwezekani, mnashuka wote. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kuyumba: dawa yake ni kushuka, siyo kupumzika hapo hapo.

Chakula kiwe kile tumbo linachokijua: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, na litre mbili za maji kwa kila mtu. Maganda na sashe vyote vinarudi Bukavu.

Simu zinaweza kukosa mtandao. Acheni kwa mtu mmoja wa nyumbani orodha ya majina, namba ya dereva, namba ya ofisi ya parke, na saa ambayo, akiwa hajasikia neno, aanze kupiga.

Vikundi vinavyotaka kujaribu kiangazi kijacho viandikishe majina kwa makatibu wao. Kwenye mkutano wa kwanza kila mama aje na viatu anavyofikiri kupandia, vitazamwe soli.